Anayetaka Kuacha Pombe Asiachwe Peke Yake

Barua imetufikia kutoka Msimbati. Aliyeiandika ametuomba tusilitaje jina lake, wala kitongoji chake, wala jina la chombo anachovulia, nasi tutamheshimu. Kwani katika kijiji cha wavuvi ukitaja ngalawa umekwisha kumtaja mwenyewe. Barua ni ya kurasa nne za daftari, mwandiko ni wa mtu asiyezoea kuandika, na swali lililomo ni moja tu. Twaona kuwa swali hilo si lake peke yake. Kwa hiyo tumeazimia kulijibu hapa, mbele ya wasomaji wote.

Mtu huyu ni mvuvi, mume wa mtu na baba wa watoto. Amekunywa miaka mingi: tembo la mnazi alipokuwa kijana, uraka wakati wa mabibo, na hatimaye gongo, ambayo watu wa Kusini huiita nipa, kila ilipopatikana. Hakuandika ili kujitetea. Asema amekwisha kuuza nyavu mbili ambazo hazikuwa zake. Kwamba mkewe amerudi kwao mara tatu. Na kwamba alfajiri moja maji yalimkuta amelala ufukweni chini ya mivinje, wala hakupatikana wa kumwinua ila mwanawe aliyekuwa akienda shuleni. Siku ile alikata shauri kuacha. Akaacha siku nne, akarudia. Akaacha mwezi mzima wa Ramadhani, na usiku wa Idi akarudia. Akaenda kuuliza kwenye nyumba moja ya tiba, akaambiwa, "Acha pombe." Juu ya jibu hilo ameandika maneno ambayo hatuwezi kuyaboresha: "Nilikwenda kuuliza njia, wao wakanitajia mji."

Hatimaye mtu aliyepata kufanya kibarua kwenye visima vya gesi alimwambia kuwa Dar es Salaam wako watu walioacha pombe, ambao hukutana kila juma na hawatozi kiingilio. Bwana huyu akauza mbuzi. Akaaga nyumbani kwamba anakwenda kutazama bei ya nyavu. Kutoka Msimbati hadi mjini Mtwara ni kilomita 40 hivi, na sehemu ya njia hiyo ni mchanga mtupu unaoyashinda magari. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Alipanda pikipiki, akapanda basi, akalala kwa mtu wa kwao Mbagala, na siku ya pili akaipata nyumba aliyoelekezwa. Aupita mlango mara tatu. Mara ya nne mtu aliyekuwa akivuta sigara nje akamwambia, "Karibu, ndugu, ni hapa hapa," kana kwamba alijua.

Ndani aliwakuta watu tisa wameketi kwa duara, na birika la chai limewekwa juu ya meza. Hapakuwa na daftari la mahudhurio. Hakuna aliyemwuliza kabila lake, wala kazi yake, wala dini yake. Mmoja akaanza kwa kulitaja jina lake la kwanza, akasema kuwa yeye ni mlevi, ingawa mwaka wa kumi na moja ulikuwa ukipita hajatia pombe kinywani. Jambo hilo lilimstaajabisha sana mgeni wetu, kwani kwao Msimbati mlevi ni yule anayeonekana akiyumba. Mzee yule akasimulia namna alivyouza kitanda alicholalia mama yake mgonjwa. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemkatiza, na hakuna aliyempa nasaha. Alipokwisha, wakamshukuru, akafuata mwingine. Baadhi yao walizungumza Kiingereza, na kijana mmoja akawa anamfasiria kwa sauti ya chini. Zamu yake ilipofika alisema maneno mawili tu: "Nimetoka mbali." Wakamshukuru na yeye.

Tangu siku hiyo ni mwezi wa tatu na hajanywa. Walakini amerudi Msimbati, nauli imekwisha, mbuzi wa pili hakuna, na msimu wa korosho uko mlangoni. Swali lake ndilo hili: "Mkutano wangu sasa uko wapi?"

Kabla ya kumjibu twapenda kusema neno juu ya namna sisi wengine tunavyomtendea mtu wa aina hii. Katika nchi yetu mlevi anajulikana kwa namna mbili. Kwanza ni mtu wa kuchekwa: watoto humfuata njiani, vijana humnunulia glasi nyingine ili wapate kumwona akicheza ngoma isiyopigwa. Pili ni mtu wa kukamatwa, yeye au mama aliyempikia. Hatusemi kwamba sheria haina kazi. Tangu sheria ya moshi ya mwaka 1966, kupika gongo bila idhini ni kosa, na ni haki iwe hivyo, maana kinywaji kile hakina kipimo na kimeua watu. Vivyo hivyo tuliona vema Serikali ilipopiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vifuko, kuanzia Machi 1, 2017, kwa kuwa watoto wa shule walikuwa wakivinunua kwa fedha za maandazi. Lakini vifuko viliondoka madukani, kiu haikuondoka vifuani. Askari aweza kumwaga mapipa kumi; hawezi kukaa na mtu saa mbili usiku, wakati mikono inapotetemeka na rafiki anapobisha hodi.

Wala pombe ya Kusini haingoji duka. Wasomaji wetu wa bara, walio mbali na mikorosho, yafaa waelewe jambo hili. Korosho tunayoiuza inaning'inia chini ya bibo, na bibo lenyewe lina uzito mara tano hadi kumi kuliko korosho yake. Maana yake ni kwamba kila gunia linalokwenda ghalani limeacha shambani rundo la matunda matamu yanayooza kwa siku moja au mbili. Wataalamu wa Naliendele, pale karibu na Mtwara, wamefundisha namna ya kuyageuza kuwa maji ya matunda na jamu, na kazi hiyo twaisifu. Lakini mabibo yaliyo mengi bado hukamuliwa, yakaachwa yachachuke, yakawa uraka, na sehemu ya uraka ikapikwa ikawa nipa. Tangu Septemba au Oktoba hadi kwenye Januari, mtu haitafuti pombe. Pombe ndiyo inayomtafuta mtu. Na miezi hiyo hiyo ndiyo ya minada na malipo. Mkulima aliyekaa mwaka mzima bila fedha huzipata zote kwa mkupuo mmoja. Basi mtu aliyeacha pombe mwezi wa Juni hajajaribiwa bado. Mwandishi wa barua analijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana ameandika sasa.

Tuurudie mkutano. Alichokiona Dar es Salaam si jambo jipya duniani. Mikutano ya namna ile ni ya chama kiitwacho Alcoholics Anonymous, maana yake walevi wasiotajwa majina, na kilianza Marekani mwaka 1935. Inafaa kusimulia kilivyoanza, kwa sababu hadithi hiyo inamhusu mtu wa Msimbati kuliko anavyodhani. Dalali mmoja wa hisa wa New York, Bill Wilson, alikuwa amekaa miezi mitano bila kunywa. Mwezi wa Mei alisafiri kwenda mji wa Akron kwa biashara, na biashara ikavunjika. Akajikuta hotelini, mgeni, mfukoni hana kitu, na sauti za watu walio baa zinamfikia. Alijua kuwa atakunywa. Alijua pia kuwa kilichomwokoa miezi ile mitano ni kule kuzungumza na walevi wenzake, hata kama wao hawakuacha. Basi hakutafuta daktari wala mhubiri wa kumwonya. Akapiga simu kwa viongozi wa dini wa mji ule akiwauliza kama wanamjua mlevi yeyote. Akaelekezwa kwa Bob Smith, daktari wa upasuaji ambaye pombe ilikuwa imekaribia kumwondolea kazi. Daktari alikubali kumwona kwa robo saa tu. Walikaa saa nyingi. Juni 10, 1935 ndiyo siku ambayo chama hicho huihesabu kuwa ya kuzaliwa kwake, kwa sababu ndiyo siku daktari yule alipokunywa kwa mara ya mwisho. Hapakuwa na ofisi, wala muhuri, wala mgeni rasmi. Walikuwa watu wawili. Leo chama kina wafuasi zaidi ya milioni mbili, katika nchi zipatazo 180.

Ndugu yetu wa Msimbati, jibu letu limo humo. Mkutano wako hauko Dar es Salaam. Uko mahali popote ambapo wewe na mtu mmoja mwingine anayetaka kuacha mtaketi na kusema kweli.

Twajua wapo watakaosema kuwa mambo hayo ni ya Wazungu na hayawezi kukaa Msimbati. Sisi tunaona kinyume chake: hakuna watu waliojiandaa kwa jambo hili kuliko watu wa Kusini. Ni nani asiyemjua kungwi? Katika jando na unyago mwari hafundishwi na mtu aliyesoma habari za jando. Hufundishwa na aliyepita humo mwenyewe, akakatwa, akaumia, akapona. Katika mikutano ile pia kila mgeni hutafuta mtu mmoja aliyetangulia, ambaye atamwita usiku akizidiwa, na mtu huyo ni kungwi wa kweli ingawa wao humwita kwa jina jingine. Tena yasemwayo kumbini hayatoki nje. Vijana wetu wamelishika sharti hilo vizazi na vizazi, bila kuandikiana mkataba. Na hilo ndilo sharti lililo gumu kuliko yote katika mkutano wa walioacha pombe: usikialo hapa liache hapa, umwonaye hapa usiseme ulimwona.

Sharti hilo lina uzito zaidi pwani kuliko bara. Huko kwenye mbege na ulanzi mtu hunywa mbele ya wazee wake, na ulevi wake unajulikana kama unavyojulikana urefu wake. Msimbati wengi ni Waislamu. Anayekunywa hunywa gizani, akaswali kwa haya au akaacha kuswali kwa haya, na siku anapotaka kuacha haya hiyo hiyo humzuia kusema anachokiacha. Mtu hawezi kuomba msaada wa kutoka mahali ambapo hajakiri kuwa aliingia. Wapo pia wanaohofia kuwa mikutano hii ni njia ya kuwatia watu katika kanisa, kwa kuwa hatua 12 zinazofuatwa humo zinamtaja Mungu. Zinamtaja, ni kweli, lakini kila mtu kwa jinsi anavyomfahamu yeye mwenyewe, na sharti la kuingia ni moja tu, nalo ni kutaka kuacha pombe. Twadhani hakuna sheikh atakayechukizwa na muumini wake aliyekwenda mahali akarudi amekwisha kuacha.

Lakini je, mikutano hiyo inafaa kitu, au ni maneno matamu? Swali hilo ni la haki, wala hatupendi kuwauzia wasomaji wetu dawa tusiyoijua. Mwaka 2020 watafiti walizikusanya pamoja tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000 wakazipima. Wakaona kwamba matibabu yanayowaongoza watu kwenye mikutano ya Alcoholics Anonymous huwasaidia kukaa bila kunywa kabisa sawasawa na matibabu mengine yanayosifika, na mara nyingi kuyazidi. Tafiti zile nyingi ni za Marekani, na mtu aweza kusema kuwa Marekani si Mtwara. Basi twende karibu. Kule Eldoret, Kenya, watu 614 wenye virusi vya Ukimwi, walio wanywaji, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa elimu ya afya kwa jumla. Jingine lilikutana vikao sita vya saa moja na nusu, kwa Kiswahili, wanaume mbali na wanawake mbali, likajifunza namna ya kuitambua njia inayowarudisha kwenye pombe na namna ya kukataa glasi bila kuvunja urafiki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa kundi hili la pili lilipunguza unywaji zaidi. Lakini kilichotupendeza kuliko hesabu ni kwamba walioviongoza vikao hivyo hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo. Na huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, umetengenezwa mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako, ambao kwao majeruhi aliyeletwa hospitalini huketi na muuguzi na kuzungumza naye kidogo juu ya unywaji wake, bila kukemewa. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii.

Hapa hatuna budi kusimama tuonye, kwa sauti kubwa. Kuna watu ambao kuacha kwa ghafula kwaweza kuwaua. Mwili uliozoea pombe kali kila siku kwa miaka, ukinyimwa, huanza kutetemeka na kutoa jasho katika siku ya kwanza. Katika siku mbili za mwanzo mtu aweza kuanguka kifafa hata kama hajapata kuwa nacho. Na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi huvurugikiwa akili, wakaona wadudu ukutani na watu wasiokuwapo, wakapandwa na homa. Vijijini huambiwa kuwa ana jini, akapelekwa kwa mganga, na huko hufia. Huyo hana jini. Ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na dawa za kumtuliza zipo, nazo ni za siku nyingi na si za bei kubwa. Ndugu yetu amekwisha kuivuka hatari hiyo, ashukuru. Lakini atakapompata mwenziwe wa pili na wa tatu, amwulize kwanza: hunywa kila siku? Asubuhi mikono hutetemeka mpaka upate kidogo? Akijibu ndiyo, safari ya kwanza ya mtu huyo iwe kwa daktari, na mkutano umngojee. Kutoka Msimbati si jambo dogo kumfikisha mgonjwa Ligula usiku. Ni heri kwenda mchana, kabla.

Sasa tuwageukie wengine wa kijiji, maana mkutano wa walevi waliotubu waweza kuuawa na watu wasiokunywa kabisa.

Twawaomba viongozi wa kijiji watoe chumba au kivuli, kisha waondoke. Wasije kufungua mkutano. Wasiandike majina. Wasiagize taarifa ya kila mwezi yenye idadi ya walioacha na waliorudia. Tunaijua tabia yetu, na tuseme kweli bila kuoneana haya: jambo lolote jema likizaliwa kijijini, juma la pili limekwisha kuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na fulana, na juma la tatu watu wanauliza posho ya kikao ni shilingi ngapi. Siku posho itakapoingia katika mkutano huu, watakuja watu ambao hawajapata kuonja hata maji ya bibo, waseme ni walevi wakubwa, na mlevi wa kweli atakaa nje. Watu wa Akron walilitambua hilo mapema, wakajiwekea kanuni ya kukataa fedha za nje, hata zikitolewa kwa moyo mwema. Chai hununuliwa na walioketi, kwa sarafu zao. Kama mfadhili akitokea, hata awe wa kampuni kubwa namna gani, na ambaguzwe kwa heshima, apelekwe kwenye zahanati au shule, ambako fedha zake zina kazi.

Vijana, nao, wasikae barazani kuhesabu nani kaingia. Twajua kuwa Msimbati hapana siri. Mtu akinunua sabuni ya aina nyingine jirani huuliza. Lakini watu wale wale wanaojua nani kapata samaki wapi, wala hawasemi, wanaweza pia kujua nani ameketi chini ya mwembe Jumanne jioni, wala wasiseme.

Tumesahau akina mama, na kosa hilo ndilo linalofanywa kila mahali, kwa hiyo tulikiri na kulisahihisha hapa hapa. Wanaopika uraka na nipa aghalabu ni wanawake, wengi wao wajane au walioachwa, na wapo miongoni mwao ambao wameanza kwa kuonja ili kujua kama imeiva na wakamaliza kwa kutoweza kuamka bila kuonja. Mwanamume mlevi huchekwa. Mwanamke mlevi hunyimwa hata kicheko. Mkutano wao uwe mbali na wa wanaume, kama walivyofanya Eldoret, tena uwe saa ambazo mwanamke aweza kutoka nyumbani bila kuulizwa. Na wako wale wasiokunywa lakini wanaishi na anayekunywa. Mke wa Bill Wilson, Lois, alikuwa mmoja wa walioanzisha mwaka 1951 chama kingine kwa ajili ya jamaa za walevi, kwa kuwa nyumba nzima huugua mtu mmoja akiugua. Yule mama aliyerudi kwao mara tatu anahitaji pia pa kusemea. Barua hatukuletewa na yeye, lakini tunadhani angekuwa na kurasa zaidi ya nne.

Shirika la Afya Duniani limehesabu kuwa watu milioni 2.6 walikufa kwa sababu ya pombe mwaka 2019. Hesabu hiyo ni kubwa mno hata haimgusi mtu. Tuirudishe kwa mtu mmoja, na majuma machache yaliyobaki kabla mabibo hayajaanza kuanguka.

Ndugu yetu, sisi si madaktari, wala hatukupata kupita ulipopita wewe. Lakini tumeisoma barua yako mara kadhaa, na hiki ndicho tunachokiona. Wakati wa msimu usikutane na mwenzio mara moja kwa juma. Kutaneni kila siku, hata kwa nusu saa, kabla jua halijazama, kwa kuwa giza ndilo linalofungua vilabu. Shamba lenye mitambo ya uraka lipite kwa njia ya mbali, hata kama watu watasema umejivuna. Siku ya malipo usiende benki peke yako. Nenda na mkeo kama amerudi, na kama hajarudi nenda na mtu mzima wa ukoo ambaye hataona haya kuzishika fedha mkononi mwake mpaka mfike nyumbani. Usiape kwamba hutakunywa tena maisha yako yote. Wale tisa wa Dar es Salaam hawakuapa hivyo; wao hujiahidi siku moja, na kesho yake siku moja tena. Ukiteleza, usingoje Ramadhani ijayo. Rudi kwa mwenzio siku ile ile, umwambie.

Utauliza mwenzio huyo ni nani. Umemtaja wewe mwenyewe, katika ukurasa wa tatu, wala hukutambua kuwa umemtaja. Umeandika kwamba uliporudi kutoka safari, shemeji yako mnayevua naye chombo kimoja, ambaye anakunywa kuliko wewe ulivyokuwa ukinywa, alikungoja mpaka wenzenu walipokwisha kugawana samaki na kuondoka. Akakuuliza Dar es Salaam ulikwenda kufanya nini hasa. Ukamwambia ulikwenda kutazama nyavu. Akanyamaza, halafu akauliza mara ya pili, nawe ukamjibu vile vile. Na umetuandikia kwamba hukuelewa kwa nini mtu aulize jambo moja mara mbili.

Mwendee leo. Mwambie ulikokwenda.